PIANO YA KURENTI: MAMBO NANE YA KUJUA MBELE YA KUICHEZA



Wengi walituuliza mu siku hizi: «Piano ya chapeli iko na ugonjwa gani? Mbona inafunikwa na kitambaa juma kwa juma?» Tunajibu wazi: piano haina ugonjwa. Ni sisi wachezaji njo tulikuwa na haya.

Munakumbuka siku ya kufunga mwaka wa masomo, mbele ya wazazi. Korale ya kwanza iliimba vizuri. Wimbo wao ulikuwa mu mi bemoli, na mwenzetu anajua kucheza vizuri paka mu do. Basi alipandisha mashini nusu-toni tatu, akacheza do, na piano ikatoa mi bemoli. Hapo hakuna kosa. Kisha kikundi cha pili kiliingia na gitare mbili, na wao walikuwa mu sol. Mwenzetu akatia vidole vyake mahali pa sol, lakini alisahau kurudisha mashini. Gitare zikasema sol, piano ikasema si bemoli, na waimbaji hawakujua wamufuate nani. Wimbo ulikatika katikati. Watu walicheka. Mwenzetu alifunika piano, akatoka inje, na tangu siku ile hakuigusa tena.

Na sisi pia tulicheka. Hatukufanya vizuri, juu kati yetu wote hakuna hata mumoja aliyejua kosa lilikuwa wapi. Kama mutu mumoja tu angalijua, angalizima piano na kuiwasha tena, na mambo yangalikwisha kwa dakika nusu. Njo sababu tunaandika karatasi hii. Tunataka kila mwenye kukaa kwa piano ajue mambo nane. Si mingi.

PIANO HII NI KITU GANI?

Piano ya zamani ilitengenezwa na Bartolomeo Cristofori, fundi wa Italia mu muji wa Florence, karibu mwaka 1700. Kinanda cha mbele yake kilikuwa kinavuta nyuzi kwa kidoko kama ncha ya unyoya. Ukigusa kwa nguvu ao pole pole, sauti ni ile ile. Cristofori alitia nyundo ndogo zenye kupiga nyuzi. Ukigusa pole pole, sauti ndogo. Ukigusa kwa nguvu, sauti kubwa. Kwa Kiitalia pole pole ni «piano», na kwa nguvu ni «forte». Jina la chombo linatoka pale.

Piano ya kurenti haina nyuzi. Ndani yake muko sauti za piano kubwa zilizorekodiwa, na akili ya mashini inazitoa wakati munagusa tushi, yaani yale meno meupe na meusi. Ile tuko nayo ni Yamaha P-45, aina iliyotoka mwaka 2015. Iko na tushi 88, sawa na piano kubwa, tena iko na sauti za namna 10. Uzito wake ni kilo 11 na nusu, basi wanafunzi wawili wanaibeba bila shida. Lakini wabebe wawili, si mumoja!

Utaona kwamba butoni zake ni chache sana. Sababu ni hii: butoni moja yenye kuandikwa GRAND PIANO/FUNCTION inafanya kazi mingi. Unaikamata na kidole, bila kuiacha, na kwa mukono mwingine unagusa tushi moja. Kila tushi iko na kazi yake. Kitabu cha mashini kinaonyesha ni tushi gani kwa kazi gani. Tumenakili orodha ile juu ya kartoni, na kartoni imefungwa na kamba ku muguu wa piano. Tafadhali musiichukue kwa kupepea moto.

1. KURENTI NA USINGIZI

Piano inakulaka kurenti kidogo sana, volti 12 kupitia adaptatere yake. Musitie adaptatere ya radio ao ya modemu hata kama inaingia ku tundu. Tena wengine wanasema: «Batri ya motokari ni volti 12, tufunge moja kwa moja.» Hapana. Wakati batri inajazwa, volti inapanda kupita 14, na piano inaweza kuungua. Kama grupu inawashwa, ngojeni kwanza izunguke vizuri, kisha njo muwashe piano. Wakati wa radi, tosheni adaptatere ku ukuta.

Kuna jambo lingine lenye kuwashitua watu. Piano hii, kama hakuna mutu wa kuigusa kwa dakika 30, inajizima yenyewe kusudi isiharibu kurenti. Mufanye hesabu: mahubiri yakipita dakika 30, wakati wa wimbo wa mwisho mupiga piano anagusa tushi na hakuna sauti. Watu wanazani kurenti imekatika. Kumbe piano imelala! Dawa yake: wakati wa kuwasha, kamateni tushi ya kwanza ya kushoto kabisa. Pale piano haitalala tena. Hatusemi kwamba mahubiri ni marefu. Tunasema tu namna ya kuwasha.

2. UZITO WA MUKONO

Chini ya kila tushi kuna kitu chenye kupima tushi inashuka kwa mbio gani. Ikishuka mbio, sauti kubwa. Ikishuka pole pole, sauti ndogo. Ni mbio njo inapimwa. Basi ukishafikisha tushi chini, hata ukisukuma kwa nguvu zote, haisaidie kitu. Wengine wanavunja mashini bure.

Mashini iko na namna ine: nguvu, katikati, laini, na ile ya sauti moja. Mu namna ya «nguvu» lazima kupiga sana kusudi sauti kubwa itoke. Mu namna «laini» hata kugusa kidogo kunatoa sauti kubwa; inafaa mutoto mwenye vidole vizaifu. Mu namna ya sauti moja, mukono wowote unatoa sauti ile ile, sawa armoniamu. Tunapenda wanafunzi wakae mu «katikati», juu ni pale wanajifunza kutawala mukono wao.

3. PEDALI

Ukikanyaga pedali, sauti inaendelea hata ukiondoa vidole. Ukiondoa muguu, inanyamaza. Kosa ya kwanza ya sisi wote ni kukanyaga kutoka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Sauti zote zinachanganyikana kama supu. Sheria ni rahisi: wakati akordi inabadilika, muguu unapanda na kushuka tena. Vidole vinagusa akordi mupya, muguu unapanda mara ile ile, kisha unashuka. Sikieni na masikio yenu: kama akordi ya zamani ingali inalia chini ya mupya, muguu umechelewa.

Tieni kamba ya pedali wakati piano imezimwa, na musikanyage wakati wa kuwasha. Mu mashini mingi, ukikanyaga pale, pedali inageuka: muguu chini hakuna sauti, muguu juu sauti inaendelea. Ikitokea, zimeni, ondoeni muguu, washeni tena.

4. SAUTI KUMI NA KUZICHANGANYA

Ziko piano mbili, piano za umeme mbili, ogani mbili, nyuzi za violoni, klavese mbili na vibrafoni. Kwa kuimba pamoja, piano ya kwanza inatosha karibu siku zote, juu mwanzo wa kila sauti unasikilika wazi, na watu wanajua wakati wa kuingia. Ogani inafaa nyimbo za pole pole. Lakini kwa ogani ondoeni vidole kwa wakati, juu sauti haikufe yenyewe.

Munaweza kuchanganya mbili, kwa mufano piano na violoni. Ni tamu sana. Lakini mujue bei yake: mashini inaweza kutoa sauti 64 kwa mara moja, si zaidi. Mukichanganya mbili, kila tushi inakula sauti mbili. Tena mukikanyaga pedali kwa murefu, hesabu inakwisha mbio. Pale sauti za kwanza zinakatika bila ruhusa. Kwa hiyo, kuchanganya ni kwa kucheza polepole na pedali kidogo.

5. MWALIMU NA MWANAFUNZI KWA PIANO MOJA

Kuna kazi moja inaitwa DUO. Inakata klavye mu vipande viwili, kushoto na kulia, na kila kipande kinakuwa na sauti za urefu sawasawa. Mwalimu anakaa kushoto, mwanafunzi kulia, na wote wawili wako na do yao ya katikati. Mwalimu anacheza, mwanafunzi anarudilia. Kwa sisi tulio na piano moja kwa wanafunzi wengi, hii ni zawadi kubwa. Lakini nusu ya klavye haitoshi kwa wimbo mukubwa. Kisha somo, rudisheni.

6. MWANGWI NA KASKE

Mwangwi ni ile sauti inarudi kutoka ku ukuta. Mashini inaweza kuufanya yenyewe: wa chumba, wa sale kubwa wa namna mbili, na wa jukwaa. Mu chumba kidogo chenye watu na nguo mingi, mwangwi kidogo unafanya sauti iwe nzuri. Lakini chapeli yetu ni matofali na mabati, iko na mwangwi wake tangu ilijengwa. Mukitia wa mashini juu yake, akordi zitachanganyikana na waimbaji wa nyuma watachelewa. Mu chapeli, uondoeni.

Kaske ni ya kujifunza bila kusumbua wenye kusoma. Ukitia kaske, sauti ya inje inakatika. Shusheni volimu mbele ya kuivaa, kisha pandisheni kidogo kidogo. Masikio hayanunuliwi ku soko. Tundu ile ile ya kaske njo tunatumia kwa kutia kamba ya amplifikatere. Pale pia: amplifikatere chini kwanza, kamba ndani, kisha njo kupandisha.

7. METRONOMU

Metronomu inapiga tok, tok, tok, kutoka mara 32 mpaka mara 280 kwa dakika. Wengi hawaipendi juu inawahukumu. Wanacheza mbio pale wanajua, na pole pole pale pagumu, kisha wanasema korale njo imeharibu.

Fanyeni hivi: chagueni mistari miwili ya wimbo. Tieni metronomu ku 60. Mukicheza mara tatu bila kosa, pandisheni ku 64. Mara tatu tena, 68. Mukikosea, rudini nyuma hatua moja. Kwa nusu saa kwa siku, mutaona tofauti mbele ya juma kuisha. Wakati wa ibada, metronomu imezimwa. Pale mwenye kuongoza ni mukono wa mukubwa wa korale.

8. KUPANDISHA NA KUSHUSHA

Sasa tunafika ku jambo lililotuharibia siku kuu.

Korale yetu inasomaka nyimbo kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Namna hii ilitengenezwa mu Uingereza na muhubiri John Curwen, aliyezaliwa 1816 na kufa 1880. Aliichukua kwa mwalimu mwanamuke Sarah Glover wa muji wa Norwich, akaiongeza. Wamisionari waliileta mu Afrika kwa sababu watu wanaijifunza mbio. Mu namna hii, do inahama. Juu ya wimbo wanaandika: «Do = Mi bemoli», na maana yake ni: leo, do yenu iko pale mi bemoli inakaaka.

Lakini ku piano do haihamake. Do ni do, upande wa kushoto wa tushi mbili nyeusi, siku zote. Waimbaji wako na do ya kuhama, mupiga piano iko na do yenye kusimama. Njo maana kazi ya kupandisha na kushusha inatupendeza sana: inafanya do ya piano ihame pamoja na do ya korale. Vidole vinabaki mu do, na mashini inafanya safari.

Mashini yetu inapandisha mpaka nusu-toni 6 na kushusha mpaka 6. Hesabu ni hii, kama vidole vinacheza mu do:

Do = Re bemoli: pandisha 1
Do = Re: pandisha 2
Do = Mi bemoli: pandisha 3
Do = Mi: pandisha 4
Do = Fa: pandisha 5
Do = Fa diezi: pandisha 6
Do = Si: shusha 1
Do = Si bemoli: shusha 2
Do = La: shusha 3
Do = La bemoli: shusha 4
Do = Sol: shusha 5

Sasa sikieni hatari tatu.

Ya kwanza, kusahau. Mashini haikuonyesheke kwamba imepandishwa; macho yanaona do, masikio yanasikia kingine. Tumeweka sheria: mwenye kubadilisha anaweka karatasi nyekundu juu ya piano, na haiondoe mbele ya kurudisha. Kama kuna mashaka, zimeni na kuwasha. Mu mashini mingi, kupandisha na kushusha kunafutika wakati wa kuzima. Uzito wa mukono, kinyume, unabaki mara mingi. Na kama mambo yote yameharibika, washeni yetu huku munakamata tushi ya mwisho ya kulia kabisa: itarudi kama ilivyotoka ku fabrike.

Ya pili, gitare. Mupiga gitare anaangalia vidole vyenu, anaona sol, anacheza sol. Hajui kwamba mumepandisha. Mumuambie mbele, kwa kinywa. Tena gitare njo inajipatanisha na piano, si piano na gitare. Piano inatoka mu fabrike na la ya 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo cha dunia nzima. Inaweza kusogezwa kutoka 414,8 mpaka 446,8, lakini hii ni kwa chombo kisichoweza kupatanishwa tena, kama armoniamu ya zamani. Si kwa gitare ya mutu muvivu.

Ya tatu njo kubwa, na juu yake sisi wenyewe tulibishana sana. Wengine kati yetu walisema: «Tuondoe kazi hii kabisa. Inafanya wapiga piano vilema. Siku kurenti inakatika, ao siku munaalikwa mu kanisa lenye armoniamu, mutacheza nini?» Wengine wakajibu: «Na Jumapili hii, nani atacheza mu mi bemoli? Korale isiimbe mpaka tumalize kujifunza?» Pande zote mbili zilikuwa na haki. Mwenye kuvunjika muguu anahitaji fimbo, lakini akipona na angali anatembea na fimbo, muguu utakauka.

Tulipatana hivi. Siku ya ibada, mutu atumie kazi hii bila haya, juu pale tunatumikia kuimba kwa watu wote. Siku za juma, mu kujifunza, kazi hii ni marufuku. Kila mwezi tunajifunza toni moja mupya kwa vidole vya kweli: kwanza sol na fa, zenye tushi moja nyeusi, kisha re na si bemoli, zenye mbili, kisha la na mi bemoli, zenye tatu. Kwa miezi sita tutakuwa na toni sita pamoja na ile ya do, na nyimbo mingi za kitabu ziko mule. Na mara moja kwa mwezi korale itaimba bila piano, kusudi siku kurenti inakatika tusiwe kama kundi bila muchungaji.

MAULIZO YA KUJIPIMA

Moja: Wimbo umeandikwa «Do = La bemoli». Utafanya nini ku mashini kama unajua paka do? Mbili: Kwa nini usipandishe nusu-toni 8 kwa wimbo ule? Tatu: Kisha mahubiri ya dakika 40 piano haitoi sauti, na taa zinawaka. Sababu gani? Majibu yako mu karatasi hii. Musiwaulize rafiki mbele ya kutafuta.

Neno la mwisho. Tulimupelekea mwenzetu karatasi hii mbele ya kuichapa, na tulimuomba musamaha juu ya kicheko chetu. Aliisoma mara mbili, akasahihisha mahali pawili, ku pedali na ku hesabu ya kushusha. Kisha aliuliza kama kartoni ingali ku muguu wa piano. Tulimwambia ndiyo. Jana jioni tulisikia mutu anacheza mu chapeli, na metronomu ku 60, mu mi bemoli, kwa vidole vya kweli. Alikosea mara mingi. Hakuna aliyecheka.

Sisi wa kikundi cha muziki